Nani Atayataja Maradhi ya Nafsi kwa Kiswahili?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoota mizizi katika mazungumzo ya Wakenya, ni machache yaliyoshika kasi kama yale yanayotaja hali za nafsi na tabia za watu. Kuanzia vituo vya matatu mjini Nakuru hadi mabweni ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, aliyechoka ana "stress", aliyehuzunika ana "depression", aliyepatwa na balaa ana "trauma", na asiyetabirika ni "moody". Aghalabu msemaji huyo huyo huzungumza Kiswahili bila taabu kuhusu bei ya viazi na matokeo ya kandanda. Yafikapo mambo ya moyo, ulimi hukimbilia kwingine.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo hayo. Dai hilo halina mashiko. Kiswahili hutofautisha huzuni ya siku moja na simanzi iliyokita, kihoro cha aliyefiwa, wahaka wa anayengoja habari, na bumbuwazi la aliyepigwa na jambo hata asiweze kusema. Neno "moody" huwameza msununu, kigeugeu na mwepesi wa hasira, ilhali watu hao watatu hawafanani hata kidogo. Isitoshe, mengi ambayo Kiingereza huyakusanya katika neno moja, "mind", Kiswahili huyagawa: akili huruka, moyo huvunjika, nafsi humsuta mtu, roho huwa juu. Mgikuyu naye huyataja mengi ya hayo kwa ngoro, yaani moyo. Huo si upungufu wa lugha, bali ni namna nyingine ya kumwelewa binadamu.

Suala hili si la mapambo ya lugha. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, kufuatia machafuko yaliyozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofurushwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Baadhi ya maeneo ya karibu, kama Molo, yalikuwa yamekwisha kuonja ghasia za aina hiyo mwaka wa 1992. Katika eneo lenye lugha nyingi za mama, Kiswahili ndicho kinachomwezesha jirani kumsimulia jirani yaliyompata. Naye aliyelemewa husema tu, "Nina mawazo." Kwa anayefikiri kwa Kiingereza, sentensi hiyo haina uzito, kwani nani asiye na mawazo? Kwa ajuaye Kiswahili, huyo amekwisha kuomba msaada.

Historia yenyewe inaonya. J. C. Carothers, daktari wa enzi ya ukoloni aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953. Humo alishikilia kuwa sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Mwaka wa 1979, John Orley na John Wing walichapisha utafiti wao kuhusu vijiji viwili vya Uganda, ambako maswali yalikuwa yametafsiriwa kwa Luganda. Sonona ilionekana kuwa nyingi huko kuliko katika mtaa wa London uliolinganishwa navyo. Mbinu za utafiti zilikuwa zimebadilika kwa mengi, lakini kumhoji mtu kwa lugha anayougulia si jambo dogo.

Ni kweli kwamba maneno ya Kiingereza yana faida moja: hayana fedheha. Kijana anaweza kutamka "depression" mbele ya wenzake, lakini akitaja wazimu ataogopwa. Hata hivyo, kati ya uzima na wazimu Kiswahili kina ngazi nyingi, na hizo ndizo zinazosahauliwa. Tatizo kubwa zaidi ni kutokubaliana. Huyu huandika sonona, yule mfadhaiko, mwingine msongo wa mawazo, kana kwamba yote ni mamoja. Mgonjwa atakayepewa majina matatu na wauguzi watatu hatajua kama anaugua ugonjwa mmoja au mitatu.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utabaki wa karatasi iwapo mwananchi atalazimika kukopa lugha ili aeleze maumivu yake. Egerton hufundisha Kiswahili kule Njoro, na hufundisha madaktari mjini Nakuru, mwendo wa matatu moja. Wanafunzi wa pande hizi mbili wana kila sababu ya kuketi pamoja, wakusanye maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia, wayapambanue, kisha wayapeleke kwa wahadhiri na waandishi wa kamusi ili yasanifishwe. Tasnifu nyingine kuhusu ngeli inaweza kungoja mwaka mmoja. Mtu anayesema "nina mawazo" leo hana muda huo.