Asiyesali pia ni mtoto wa nyumbani

Jumapili asubuhi, katika Rughenda kama katika mitaa mingine ya Butembo, njia zinajaa mapema. Watu wanashuka na kupanda vilima, vitenge vimepigwa pasi, watoto mbele, mama nyuma na Biblia ndani ya sakoshi. Wakatoliki wanaenda misa, Wabaptisti wa CBCA wanaenda ibada, na makanisa ya uamsho yamekwisha kuwasha vipaza sauti. Waadventista walimaliza yao jana. Waislamu walisali Ijumaa. Hakuna anayemuuliza jirani kama anasali. Swali la mji huu ni moja tu: unasali wapi?

Kwa wakaaji wengi swali hilo ni salamu tu. Lakini wapo wachache ambao jibu lao la kweli lingekuwa: sisali popote, kwa sababu siamini tena kama Mungu yuko. Jibu hilo halitoki mdomoni. Wengine wanataja parokia waliyobatizwa, wengine wanasema wamechoka na kazi, wengine wanabaki ndani mlango umefungwa ili jirani afikiri wamesafiri.

Idadi yao haijulikani, maana Kongo haijahesabu wakaaji wake tangu 1984. Kenya ilihesabu mwaka 2019, na watu zaidi ya laki saba na nusu waliandikwa kuwa hawana dini. Ni kama asilimia 1.6 ya Wakenya wote. Ni wachache, ndiyo, lakini ni watu wa kujaza mji mzima. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mpaka wa Kasindi unazuia mashaka kuingia, wakati hauzuii hata magunia ya kakao kutoka.

Ili kuelewa kwa nini watu hao wananyamaza, lazima kuangalia Kanisa ni nini katika nchi ya Beni na Lubero. Wamisionari Waasunsionisti walifika mwaka 1929. Baada yao, kusoma, kutibiwa, kuoa na kuzikwa vilipita kwa sehemu kubwa mikononi mwa padri, mchungaji, sista na katekista. Serikali ilipopotea, makanisa yalibaki. Chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, ndipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilizaliwa mwaka 1989, wakati nchi ya Mobutu ilikuwa inaanza kubomoka. Mtu anayesema leo kwamba haamini, mara nyingi amejifunza kusoma katika shule ya misioni, na mama yake alijifungulia katika maternite ya misioni. Ndiyo maana neno lake linapokelewa kama tusi. Watu wanaona mtoto aliyekula chakula cha mama halafu anapiga teke sufuria.

Tena gharama yake ni ya kila siku. Shirika la mtaa linalosali nyumba kwa nyumba ndilo hilo hilo linalomtembelea mgonjwa hospitali. Wanawake wanaoimba pamoja katika kwaya ndio wanaocheza likelemba pamoja. Siku ya kupokea mbuzi za mahari, wakwe watauliza harusi itabarikiwa na nani. Na siku ya kilio ndiyo ngumu kuliko zote. Nani atasimama chini ya hema kusema neno juu ya maiti ya mtu ambaye hakuwa na kanisa? Kijana anaweza kuishi miaka yake yote ishirini na thelathini bila padri, lakini kufa bila padri katika Butembo, hilo bado hakuna aliyelipangia utaratibu.

Halafu kuna mama. Wanaozungumza habari hizi mara nyingi wanamsahau. Mama akisikia mwanawe haamini tena, hofu yake haiko katika vitabu vya teolojia. Anaamini kwa moyo wote kwamba kuna mahali watu wanakutana tena baada ya kufa. Mtoto akitoka katika imani hiyo, kwa mama ni kama anamzika mara mbili. Machozi yake ni ya kweli, na kijana anayeyacheka amekosa adabu kwanza, kabla ya kukosa dini.

Kwa nini watu wanaacha kuamini? Wengine kwa vitabu na kwa telefone, hilo linajulikana. Mwandishi na mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, alilelewa na Wabenediktini na akakaa monasteri akiwa kijana. Alitoka, na baadaye alijitaja kuwa mtu asiyeweza kusema kama Mungu yuko au hayuko. Hata hivyo hakutupa yale mapadri waliyomfundisha. Kazi yake yote inaonyesha nidhamu ya monasteri.

Wengine wameacha kwa sababu ya damu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na wauaji hawakuheshimu nyumba za sala. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa la Wapentekoste katika Kasindi, siku ya Jumapili, wakati wa ibada. Mwezi Julai 2025, katika Komanda, jimbo la Ituri, waamini waliokuwa kanisani usiku kwa sala waliuawa kwa makumi. Baada ya misiba ya namna hii, kuna aliyeshika rozari kwa nguvu zaidi, na kuna aliyeiweka chini asiishike tena. Wote wawili walizika ndugu zao. Kumwambia huyu wa pili kwamba shetani amemwingia ni kumwongezea kidonda.

Na hapa kuna jambo la kusahihisha, kwa sababu mtaani mambo yanachanganywa. Asiyeamini Mungu anaitwa mchawi, anaitwa framasoni, anaitwa mtu wa shetani. Lakini asiyeamini kwamba Mungu yuko haamini kwamba shetani yuko. Hawezi kuwa mtumishi wa bwana ambaye kwake hayupo. Wala kutosali si kibali cha kuiba au kuzaa ovyo. Butembo ina wezi wanaopokea komunyo, na kila mwenye duka anawajua kwa majina.

Mchanganyo huo una hatari. Mtu mzima akivutwa kwa nguvu mpaka chumba cha maombi ili "afunguliwe", akinyimwa chakula siku tatu kwa jina la kufunga, hiyo ni jeuri, hata kama walioifanya ni jamaa yake na wanalia kwa upendo. Akiwa mtoto ni mbaya zaidi, maana mtoto mwenye maswali mengi anaweza kuitwa mchawi kesho yake. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na wachungaji wanaofanya hivyo hawajaondolewa katika sheria hiyo.

Sheria kubwa nayo iko wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja Mungu katika utangulizi wake, na Rais anaapa mbele ya Mungu na Taifa. Lakini kifungu cha kwanza cha Katiba hiyo hiyo kinasema Kongo ni nchi ya layiki, yaani serikali haina dini. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini au mawazo ya mtu, na cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa kufikiri, wa dhamiri na wa dini. Uhuru wa dhamiri hauwezi kuwa wa wale tu ambao dhamiri yao inawapeleka kanisani.

Wakubwa wa dini wenyewe hawafundishi kinyume. Mtaguso wa Vatikano wa pili, Desemba 1965, ulitoa tangazo juu ya uhuru wa dini, likisema mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Sheria ya Kanisa Katoliki inakataza kumwingiza mtu katika imani kwa nguvu. Waprotestanti walizaliwa kutoka kwa watu waliokataa kulazimishwa. Waislamu wanajua aya ya sura ya Al-Baqara juu ya jambo hilo hilo.

Tena makanisa ya Kongo yanajua ladha ya kukandamizwa. Simon Kimbangu alikaa gerezani miaka 30 na akafia humo mwaka 1951. Mobutu aliwakataza Wakongo kubeba majina ya Kikristo, akamfukuza Kardinali Malula mwaka 1972, akaondoa Noeli katika siku za mapumziko mwaka 1974. Mashahidi wa Yehova walikatazwa mwaka 1986. Na Kataliko huyo huyo, akiwa askofu mkuu wa Bukavu, alizuiliwa na RCD mwezi Februari 2000 kurudi katika jimbo lake kwa sababu ya barua yake ya Noeli, akahamishiwa Butembo miezi mingi. Mji uliompokea mtu aliyeadhibiwa kwa kusema lililo moyoni mwake ungepaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko miji mingine.

Kuna kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi. Katika kila familia ya Wanande kuna aliyebatizwa wa kwanza. Kabla yake, wazee walimwita Nyamuhanga na walikuwa na njia zao za kuheshimu roho za wahenga. Yule wa kwanza aliacha alichokuta nyumbani, akamwambia baba yake kwamba anaona mambo namna nyingine. Leo picha yake iko ukutani, anaheshimiwa. Mjukuu wake anayesema "naona mambo namna nyingine" anaambiwa amevunja mila.

Mahali ambapo jambo hili lina uzito wa kweli ni shule. Mobutu alichukua shule za makanisa mwaka 1974, na kwa mapatano ya mwaka 1977 akarudisha uongozi wake kwa makanisa. Mpaka leo shule za konvansyone ni nyingi sana katika mji. Kanisa linaongoza, lakini serikali ndiyo inayotambua na kulipa walimu, na tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali, pamoja na hizo za konvansyone, ni ya bure kwa amri ya serikali hiyo. Shule inayolipwa kwa feza ya wote ni ya wote. Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema watu wanaingia katika shule za taifa bila kubaguliwa kwa dini. Basi cheti cha ubatizo hakiwezi kuwa mlango wa darasa la kwanza, wala mwalimu mzuri wa hesabu hawezi kupoteza kazi kwa sababu hakuonekana misani. Shule iendelee kufundisha dini. Ni haki yake na ndiyo asili yake. Mtoto ambaye wazazi wake hawataki sala, asimame kimya wakati wa sala, basi.

Asiyeamini naye ana deni lake. Kuna vijana wanaochukua maneno ya mabishano ya Paris na kuyamwaga mezani Butembo, mbele ya wazee, siku ya kilio. Huko Ulaya walipigana na Kanisa lililokaa pamoja na wafalme. Hapa wanapigana na sista anayepima watoto uzito. Kukaa chini ya hema, kuvua kofia na kunyamaza wakati wengine wanasali si unafiki, ni heshima kwa wafiwa. Kupokea komunyo bila kuamini ili kumpendeza mchumba, huo ndio uongo, na hata padri hautaki. Ndoa inaweza kufungwa kwa mila na kuandikwa komini. Ni afadhali kumwambia mchumba ukweli kabla ya mbuzi kuhesabiwa.

Anayetaka mfano asiende mbali. Upande wa pili wa Ruwenzori, katika Kasese, kwa Wakonzo ambao ni ndugu wa Wanande kwa damu na kwa luga, Bwambale Robert Musubaho alianzisha mwaka 2011 shule ya msingi isiyo ya dini yoyote. Yeye mwenyewe haamini. Watoto wa Wakristo na wa Waislamu wanasoma humo, na jioni wanarudi kwa wazazi wanaosali. Katika Kenya mambo yalikuwa na kelele zaidi: chama cha wasioamini kiliandikishwa na serikali mwaka 2016, miezi michache baadaye kikasimamishwa, kisha kikarudishiwa haki yake. Mwaka 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu akisema amempata Yesu. Wenzake walimtakia heri na kumshukuru kwa kazi yake. Familia nyingi za Butembo hazijafika hapo, kumruhusu mtu aende na kubaki ndugu.

Kwa sasa, yanayoweza kufanyika ni madogo. Familia inaweza kuacha kuuliza kila Jumapili. Shirika la mtaa linaweza kumtembelea mgonjwa asiyesali, na likitaka kumwombea, limwulize kwanza. Komini inaweza kuweka wazi kwamba kaburi haliombi kadi ya kanisa. Na Septemba, wazazi watakapopanga mstari kuandikisha watoto, kama fomu ina nafasi ya dini na mzazi ameiacha wazi, mkurugenzi apige muhuri wake chini na kumwita anayefuata.