UFUNDI WA DIFU NI KIPIMO

Gari lianzapo kuvuma nyuma katika njia ya Bagamoyo kwenda Saadani, wengi humlaumu fundi bila kutazama alicho nacho mkononi. Twasema wazi: meno ya difu hayabadilishwi kwa jeki, spana na nyundo tu. Gurudumu kubwa la meno na pinioni yake hulinganishwa kiwandani kama pacha, wala haifai kuwatenga. Tena yatakiwa saa ya kupimia nafasi baina ya meno, ambayo mara nyingi ni kama 0.1 hadi 0.2 ya milimeta. Vibati vyembamba vya kuisahihisha. Spana ya kupimia mkazo. Na rangi ya kupaka menoni, ionekane yagusanapo. Pasipo kipimo meno hulia, kisha hukatika, na mgonjwa aliyemo garini hubaki njiani.

Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili ufundi ufundishwe. Lakini vyombo hivi ni ghali kwa fundi mmoja wa chini ya mwembe. Kwa hiyo rai yetu ni hii: mafundi wa Bagamoyo wachange, nasi watumishi wenye magari tuwaunge mkono, wapate seti moja ya kutumia kwa zamu. Asiye na kipimo hukisia, na chuma hakikubali kukisiwa.