Kitimoto, ngano na hawa wazee wa Zama za Mawe wa bwenini kwetu

Najua nimepotea. Ukurasa huu umekaa kimya tangu kabla ya mitihani na wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimedisko. Sijadisko. Nina sapu moja ya takwimu, na hiyo tutaiongelea siku nikiwa na nguvu. Leo nimekuja na hasira, na hasira zenyewe zinahusu chakula, kwa hiyo kama uko kwenye foleni ya kantini soma huku unasubiri.

Jumamosi iliyopita saa nne usiku nilimkuta rumeti wangu amekaa kitandani, sahani ya maharage mapajani, analia. Hajafiwa wala hajaachwa. Alikuwa na njaa, maharage yalikuwepo, ya kwangu mwenyewe, nimeyaunga kwa nazi (msiniulize nimeyapikia wapi, mlinzi naye anasoma humu), ila alikuwa anaogopa kuyala. Kuna watu wamemwambia maharage ni sumu. Mtu mzima, mwaka wa tatu, mwalimu mtarajiwa, anaogopa maharage!

Hao watu mnawajua, wamejaa kila ghorofa. Wanajiita wana-paleo. Sheria yao ni kwamba binadamu ale kama wazee wa Zama za Mawe, yaani nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na karanga za miti. Usile ngano, usile ugali, wali, maharage, maziwa wala sukari. Kwao ugali ni gundi, maharage ni sumu, na anayekula chapati wanamwangalia kama anavuta bangi. Halafu jioni wanaenda kula kitimoto kilo mbili mezani, bila ndizi, wanapiga picha. Eti ndivyo babu zetu walivyokula.

Sasa nieleze kisa cha rumeti kwanza, maana bila hicho nitaonekana nina wivu wa nyama tu.

Huyu dada anaumwa tumbo tangu mwaka wa kwanza. Linajaa, linaunguruma, anaharisha wiki nzima, kisha anaishiwa damu. Amepimwa taifodi mpaka mimi nimepoteza hesabu, amepewa dawa za minyoo, amepewa dawa za vidonda vya tumbo. Semista iliyopita wana-paleo wakamwambia aache ngano. Akaacha, na akapata nafuu kweli. Nalisema hilo wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalowapa kiburi. Waliokota dodo chini ya mwarobaini, sasa wanatuuzia mwarobaini.

Wakaendelea. Acha na wali. Acha ugali. Acha maharage, acha maziwa. Kilichobaki ni mayai, matembele na kitimoto, na kitimoto huwezi kula kila siku kwa bumu hili. Bodi inatoa sh. 10,000 kwa siku, hapo kula na kulala. Mmoja wao akamletea unga wa lozi wa kupikia chapati za paleo, kilo moja zaidi ya sh. 40,000. Yaani siku nne za kula na kulala ndani ya mfuko mmoja! Alinunua mara moja tu, na mwezi ule akashindia matango. Ndani ya miezi mitatu sketi zake zote amezitia pini.

Nikamburuza hospitali. Daktari alimsikiliza, akamwambia huenda ni ugonjwa wa seliaki. Kwa ambao hamjausikia: ni ugonjwa ambao mwili wenyewe unashambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike. Iko kwenye ngano, shayiri na rai. Katika nchi nyingi zilizopima, wanaougua ni kama mtu 1 kati ya 100, na wengi hawajijui. Dawa yake ni kutokula gluteni maisha yote. Ndiyo maana unatakiwa kupima uwe na uhakika. Na hapa ndipo damu ilinichemka: daktari akamwambia kipimo cha damu kinatafuta dalili za mwili kupigana na gluteni, na mtu akishaiacha miezi mitatu kipimo kinaweza kusema hana kitu wakati anacho. Kwa hiyo? Arudi kula ngano kila siku, wiki sita, ndipo apimwe.

Wiki sita za kula makusudi kile kinachomuumiza! Asubuhi anameza chapati kama mtu anayemeza kwinini. Kama wale mabingwa wangemwambia sentensi moja tu, "nenda ukapime kwanza kabla hujaacha", haya yasingekuwepo. Lakini ushauri huo hauna picha ya kupiga.

Haya, sasa twende kwa hao wazee wa mawe. Mimi nasoma ualimu wa Historia, na kwenye mazoezi ya kufundisha nimewafundisha Kidato cha Kwanza Zama za Mawe mpaka sauti ikakauka. Wanafunzi wale wa miaka 14 wangeiua hoja hii kwa dakika tano. Ngano ilianza kulimwa Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita. Vizuri, ni chakula kipya, tukikatae. Na nguruwe wa kufugwa je? Alianza kufugwa maeneo hayohayo, karibu zama hizohizo! Huyo mbuzi katoliki mnayemtafuna kwa jina la mababu ni rika moja na chapati. Babu zetu wa Oldupai hawakuwahi kumwona. Walikuwa na ngiri na nguruwe pori, na kumpata ngiri si kuagiza kilo moja na pilipili pembeni.

Isitoshe, nani kasema wazee hawakula nafaka? Mwaka 2009 mtafiti Julio Mercader alichapisha kwenye jarida la Science habari za zana za mawe kutoka pango moja la Msumbiji, upande wa Ziwa Nyasa, zenye mabaki ya wanga wa mtama pori, za miaka zaidi ya 100,000. Msumbiji, jamani, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hawa watu wanapenda sana kuwataja, wanakula mizizi, ubuyu na matunda pori, na asali wanaipenda kuliko hata nyama. Sijaona mwana-paleo wa bweni letu akichimba mizizi. Hata kile kitabu cha Loren Cordain cha mwaka 2002, kilicholitangaza jina hili la paleo Marekani, kinasisitiza nyama isiyo na mafuta. Nyie mnaagiza "weka na ngozi"!

Na waliogundua ukweli wa seliaki hawakuutoa pangoni. Ni daktari Mholanzi, Willem-Karel Dicke, akiwaangalia watoto wagonjwa kwa miaka mingi, ikiwemo ile ya njaa ya vita nchini kwake 1944 na 1945 mkate ulipokosekana. Katika tasnifu yake ya 1950 alionyesha kuwa ngano na rai ndizo zinazowadhuru, na kwamba mahindi, mchele na viazi haviwadhuru. Mmesikia? Mahindi. Mchele. Viazi. Zaidi ya miaka 70 imepita, na leo mtu wa bweni la pili anamnyang'anya mgonjwa ugali.

Hicho ndicho kinachonikera kuliko vyote. Huko Ulaya na Marekani mwenye seliaki ana kazi kwelikweli, maana mkate uko kila mahali. Lakini sisi? Ugali wa mahindi, wa mtama, wa ulezi, wa muhogo. Wali. Ndizi, magimbi, viazi vya aina zote, maharage, kunde, choroko. Kila kimoja hakina gluteni, na ndivyo tulivyolelewa. Hata mbege ya Wachaga, ndizi na ulezi, haina (nimeitaja kwa ajili ya elimu tu). Mgonjwa wa namna hii Tanzania amezaliwa karibu na chungu kinachomfaa. Anayemtoa hapo kumpeleka kwenye unga wa lozi anamfukarisha.

Nguruwe mwenyewe sina ugomvi naye. Nimekulia Rungwe, nitakuwaje na ugomvi naye? Chumbani hatumpiki, rumeti wetu wa tatu ni Mwislamu kutoka Tanga na sufuria tunachangia. Kwa hiyo mara mojamoja tunapanda daladala kwenda kwa shangazi yangu Kimara. Mara ya kwanza nilimweleza habari za paleo akaacha kumenya.

"Wazee wa mawe? Walikuwa na sufuria?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mwanangu waache na mawe yao. Leta ndizi."

Anavyopika ni hivi. Nyama anainunua mwenyewe kwenye bucha yenye muhuri wa mkaguzi, vipande vyenye mafuta kidogo. Anaikata midogo, anaiosha, anaibandika na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, ndimu moja, na maji kidogo tu, anafunika. Hana haraka. Maji yakikauka mafuta ya nyama yenyewe yanaanza kutoka, basi inajikaanga humohumo, haongezi hata kijiko cha mafuta. Ikishapata rangi anatia kitunguu, karoti, hoho na nyanya. Pembeni ndizi za kupika zinachemka. Zikikaribia kuiva anazimwagia mle kwenye nyama zinyonye ule mchuzi, anakamulia ndimu ya pili, pilipili kichaa juu. Kilo moja tulikula watu watano na maharage pembeni, na rumeti, kabla hajarudishwa kwenye chapati, alikula sahani mbili, akalala kwenye mkeka kama mtoto. Usiku huo tumbo halikumwamsha.

Ukiuliza wana-paleo, sahani ile ni haramu kwa sababu ya maharage. Lakini mambo ambayo kweli yangemdhuru hawajui hata moja! Ile sosi ya soya wanayomiminia kitimoto, ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Siku zote hizo alipokuwa "hali ngano" aliila mezani kwao. Soseji nyingi zina unga. Chips za barabarani zinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaleyale ya maandazi. Unga wa dona ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano unabeba ngano. Mgonjwa wa kweli anahitaji mtu wa kumwambia hayo, na amuulize mpishi bila aibu.

Tena kuna mmoja anashauri nyama isiive sana "virutubisho visife". Ndugu yangu, umetokea wapi? Nguruwe anayezurura na kula vinyesi anaweza kuwa na tegu, vivimbe vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama. Ukimla hajaiva unapata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo yakitoka kwa mtu na kuingia kinywani kwa mwingine kwa mikono au maji machafu, vivimbe vinaweza kuota hadi kwenye ubongo, na hicho ni chanzo kikubwa cha kifafa vijijini ambako nguruwe hawafungiwi. Nimesoma darasa moja na mtoto mwenye kifafa, sijui chake kilitokana na nini, ila nilimwona akianguka karibu na moto. Kaushe hiyo nyama. Ikuchukue saa nzima, kaushe.

Najua watanijibu kwamba wao wamepungua uzito na ngozi inang'aa. Sawa. Ukiacha soda, keki na maandazi sita kwa siku lazima upungue, hata ukiuita mlo wa Adamu. Kula unavyotaka kwa pesa yako. Mimi chapati naila na hainifanyi kitu, na sitamlazimisha mtu. Ila mgonjwa akija mlangoni kwako anauliza, mwambie hujui, mwelekeze hospitali.

Rumeti amebakiza wiki mbili za chapati. Juzi alikula maharage yangu hatimaye, yaliyopoa, saa tano usiku, akaniuliza kama kuna mengine. Kipimo ni Jumatatu ile ya kwanza baada ya wiki ya mapumziko, na shangazi ameshatuma ujumbe kuuliza tutakuwa wangapi ili ajue ndizi za kununua. Majibu yakitoka nitaandika hapa, akiniruhusu. Ngoja nikimbie, nina pindi saa mbili na sijapiga pasi.