Bango Lisilo na Mpinzani

Kila msimu wa uchaguzi unapowadia hurejea lawama ileile: kwamba mabango ya wagombea wetu yanafanana na picha za madikteta. Wanaolalamika hutaja ngumi iliyoinuliwa, macho yanayotazama mbali, umati usio na mwisho. Kwa maoni yangu, hayo si ya kutuogofya; wanasiasa wa kila aina huyatumia. Kufanana kunakopaswa kututia hofu ni kwa namna nyingine.

Tutazame Roma ya mwaka 1934. Chama cha Kifashisti kilifunika uso wa jengo la Palazzo Braschi kwa kichwa kikubwa cha Mussolini, kikakizungushia neno moja, "SI", yaani "ndiyo", likirudiwa mpaka ukuta ukajaa. Ulikuwa uchaguzi, angalau kwa jina. Karatasi ya "ndiyo" ilipambwa kwa rangi za bendera ya taifa. Ya "hapana" ilikuwa nyeupe. Kura za "ndiyo" zilitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 99. Bango lile halikumwomba raia kura. Lilimwarifu kwamba jibu limekwisha kutolewa.

Karibu na kwetu, Mobutu alikwenda mbali zaidi. Taarifa ya habari ya televisheni ya Zaire ilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Ashukaye kutoka mawinguni haulizwi bei ya unga.

Historia ya Tanzania nayo ina funzo. Katika enzi ya chama kimoja, kura ya urais ilikuwa na mgombea mmoja: ndiyo au hapana. Lakini kura ya ubunge, kuanzia mwaka 1965, iliwapambanisha wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Chama kiliwaandalia mikutano ya pamoja na kampeni za binafsi zilikatazwa. Mwaka huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa jimboni. Siupambi mfumo ule, kwani chama ndicho kilichochuja majina. Hata hivyo, pale jembe na nyumba vilipokaa bega kwa bega, waziri aliweza kuanguka. Pale sura ilipokuwa moja, hapakuwa na wa kuanguka.

Basi kipimo changu ni hiki: ni nani hayumo katika picha, na kwa nini hayumo? Ikiwa mpinzani amekosa fedha, hilo ni tatizo la sheria za gharama za uchaguzi. Ikiwa ameenguliwa, amefungwa, au mabango yake huchanwa usiku na hakuna anayekamatwa, basi bango linalobaki limeacha kuwa la kampeni, hata kama mwenye sura anatabasamu na wabunifu wake ni hodari.

Wapo watakaosema kwamba sura ya kiongozi ni alama ya umoja wa taifa. Wakenya waliijibu hoja hiyo katika Katiba ya mwaka 2010: ibara ya 231 inakataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu yeyote. Sheria yao ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 ikaizuia serikali kutangaza mafanikio yake kwa mabango wakati wa uchaguzi. Walifahamu kwamba daraja lililojengwa kwa kodi halina mgombea.

Ndugu zangu watumishi wa umma, hapa ndipo suala linapowahusu. Mabango hayo hayajipandishi yenyewe. Mtu husaini hati ya malipo. Mtu huruhusu ukuta wa ofisi, gari la halmashauri, uzio wa shule. Kabla ya kusaini, uliza kama mgombea wa upande wa pili angeomba ukuta huohuo angepewa. Ikiwa jibu ni hapana, ukuta huo usipewe mtu.