TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: DENI LA MAWAKALA LIKO PALEPALE

Kwenye kikao cha Jumapili ilitolewa hoja kwamba mawakala wetu 24, waliokesha vituoni siku ya uchaguzi na mpaka leo hawajapata posho yao ya shilingi 20,000 kila mmoja, "walisamehe" deni hilo, ili shilingi 265,000 zilizopo kwenye mfuko wa tawi zinunue fulana na kukodi spika za sherehe. Mtoa hoja akatupa mfano wa Marekani. Alisema askari wa George Washington walipigana miaka 8 na dola kubwa ya Uingereza, pekupeku kwenye theluji, hawakudai hata senti, na ndiyo maana wakashinda. Ukumbi ukapiga makofi. Baadhi ya mawakala walikuwemo humo ndani, wakainamisha vichwa.

Sisi wa ofisi ya tawi hatukupiga makofi. Tunajibu kwa maandishi ili hata ambaye hakuwepo ajue. Mfano ule ni mzuri sana. Ila umesomwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu.

*1. UGOMVI WENYEWE ULIANZIA KWENYE HESABU*

Uingereza ilimaliza Vita vya Miaka Saba mwaka 1763 ikiwa imelemewa na madeni. Ikaamua makoloni yake 13 ya Amerika yachangie. Mwaka 1765 ikaleta sheria ya stempu: hati za mahakama, magazeti, leseni, hata karata za kuchezea, vyote vilipiwe. Walowezi wakagoma. Walisema Bunge la London halina mjumbe wao hata mmoja, kwa hiyo halina haki ya kuingiza mkono mfukoni mwao. Sheria ile ikafutwa mwaka 1766, zikaja kodi nyingine. Desemba 1773 wakamwaga chai baharini pale Boston. Aprili 1775 risasi zikalia Lexington na Concord. Julai 1776 wakatangaza uhuru. Mkataba wa amani ulisainiwa Paris mwezi Septemba 1783.

Shikeni hapo. Watu hawa waliingia vitani wakisema huwezi kuchukua jasho la mtu bila ridhaa yake. Sasa tazameni walivyolitendea jasho la waliowapigania.

*2. "HAWAKUDAI HATA SENTI." SI KWELI*

Askari wa kawaida aliahidiwa dola 6 na theluthi mbili kwa mwezi. Lakini Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni yote, haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliweza kuyaomba majimbo tu, na majimbo yakaahidi, yakachelewa, yakatoa kidogo. Kongresi ikachapa noti. Ikachapa tena. Mwezi Machi 1780 Kongresi yenyewe ikakiri kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na dola 1 ya sarafu. Kwa lugha ya daftari: aliyeshika 40 mkononi alikuwa na 1.

Ni kweli waliteseka. Kwenye kambi ya Valley Forge, majira ya baridi ya 1777 kuingia 1778, walikufa takriban 2,000, na hapakuwa na pigano lolote pale. Waliuawa na maradhi, wakiwa na nguo chakavu na chakula haba. Na ni kweli wengi walivumilia.

Lakini tarehe 1 Januari 1781 askari wa Pennsylvania waliokuwa kambini karibu na Morristown walichoka. Wakashika silaha, wakachukua mizinga, wakawaacha maofisa wao na kuanza safari ya kuelekea Philadelphia. Madai yao yalikuwa mawili: tulipeni, na waliomaliza miaka mitatu waacheni waende kwao. Jenerali wa Waingereza kule New York, Henry Clinton, akaona nafasi. Akatuma watu wakawaambie: njooni upande wetu, tutawalipa. Askari wale wenye njaa wakawakamata wajumbe wa Clinton na kuwakabidhi. Wakanyongwa kama majasusi.

Ndugu zetu, someni hapo mara mbili. Walikuwa wanadai mshahara kwa mkono mmoja na kumkamata jasusi kwa mkono wa pili. Anayedai haki yake ndani ya chama si msaliti. Wakubwa wakakaa nao mezani, na wengi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Wenzao wa New Jersey walipofanya hivyohivyo mwezi huohuo, viongozi wao wawili walipigwa risasi. Kwa hiyo wanaosema hawakudai, wafute kauli. Walidai, na wapo waliokufa kwa kudai.

Miezi michache baadaye Washington alitaka kulipeleka jeshi kusini, na askari wakanung'unika. Je, aliwaambia wasamehe? Hapana. Alimwandikia msimamizi wa fedha, Robert Morris, atafute mshahara wa mwezi mmoja kwa sarafu halisi. Morris hakuwa nazo. Akakopa dola 20,000 kwa Jenerali Rochambeau, kamanda wa Wafaransa waliokuja kuwasaidia. Askari wakalipwa njiani mwezi Septemba. Tarehe 19 Oktoba 1781 jeshi la Cornwallis likasalimu amri Yorktown. Hatusemi ni mshahara ule peke yake ulioshinda. Palikuwa na meli na askari wa Ufaransa. Tunasema kamanda mwenyewe alijua kwamba mtu hasukumwi kwa hotuba siku zote.

*3. "WASHINGTON MWENYEWE HAKULIPWA"*

Hili nalo lilisemwa. Ni kweli, mwezi Juni 1775 alikataa mshahara. Lakini alisema arudishiwe gharama zake. Akaandika matumizi yake kwa mkono wake miaka yote ya vita, na mwaka 1783 akayawasilisha, akarudishiwa. Hatumlaumu hata kidogo. Kila kiongozi wa tawi hili angeweka daftari la namna ile, tungekuwa mbali.

Ila tusifananishe visivyofanana. Washington alikuwa na shamba kubwa la Mount Vernon, lililolimwa na watumwa Waafrika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwenye shamba kama lile anaweza kuusamehe mshahara. Wakala aliyefunga genge lake kutwa nzima, au aliyeegesha bodaboda ya tajiri na jioni bado anadaiwa hesabu, yeye hawezi.

Na watumwa wale pia walikuwa wanapima ahadi. Mwezi Novemba 1775 Dunmore, gavana wa Mwingereza huko Virginia, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaojiunga naye. Hakufanya hivyo kwa huruma, maana Uingereza yenyewe ilikuwa inauza watu. Alitaka kumdhoofisha adui. Lakini vita ilipokwisha mwaka 1783, Washington alidai Waafrika waliokimbilia kwa Waingereza warudishwe kama mali. Jenerali Carleton akakataa: waliahidiwa. Karibu 3,000 wakaandikwa majina kitabuni pale New York na kusafirishwa, wengi wao kwenda Nova Scotia. Wapigania uhuru wakaaibishwa na dola waliyoiita dhalimu, kwa sababu ya ahadi moja iliyotimizwa.

*4. WALANGUZI WAKAVUNA*

Hapa ndipo penyewe. Mwaka 1783 askari waliruhusiwa kwenda makwao mikono mitupu, wamepewa hati za ahadi. Mmoja wao ni Joseph Plumb Martin, aliyeingia jeshini mwaka 1776 akiwa na miaka 15 na kukaa mpaka mwisho. Ameandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1830 kwamba aliuza baadhi ya hati zake apate nguo za heshima za kuvaa. Wengi walifanya vivyo hivyo. Mtu ana njaa leo, na hati inasema subiri. Walanguzi wakapita vijijini wakizinunua kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake.

Kisha Massachusetts ikapandisha kodi, ikataka sarafu, ili ilipe madeni ya vita. Wakulima, wengi wao askari wa jana, wakaburuzwa mahakamani. Aliyeuza hati yake kwa bei ya kutupa akatozwa kodi ili aliyeinunua alipwe. Ndipo mwaka 1786 wakaasi, na kati ya viongozi wao alikuwemo Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika jeshi lilelile la uhuru.

Mwaka 1790 suala likafika bungeni. Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, akasema alipwe aliyeshika hati, alipwe yote. James Madison akasema hapana: mnunuzi apewe bei ya juu ya soko, kinachobaki kiende kwa askari aliyepewa hati ile kwanza. Madison akashindwa kwa kura 36 kwa 13.

Tumtendee haki Hamilton. Alisema hati ikibadilishwa masharti baada ya kuuzwa, hakuna atakayeamini tena karatasi ya serikali, na kuwatafuta wenye hati wa kwanza nchi nzima ni kazi isiyokwisha. Hoja hizo zina uzito kwa nchi kubwa. Lakini askari waliolala Valley Forge waliambulia nini? Mwaka 1818, miaka 35 baada ya amani, ndipo ikaja sheria ya pensheni ya dola 8 kwa mwezi kwa askari wa kawaida, na ili uipate ulipaswa kuthibitisha kwamba wewe ni maskini. Mzee Martin aliipata kwa njia hiyo. Kwanza wanamfukarisha, kisha wanamtaka aape kwamba ni fukara.

*5. SASA TUJE TAWINI KWETU*

Tuna taarifa, na tumeihakiki, kwamba mwanachama mmoja amepita kwa mawakala akinunua vikaratasi vya posho tulivyowasainia. Kikaratasi cha 20,000 ananunua kwa 8,000. Ameshapata 7. Hatutaji jina. Lakini mjiulize: kama deni hili kweli litasamehewa, yeye ananunua nini? Mawakala wanaambiwa deni limekufa, wauze. Wakishauza, litafufuka.

Kwa hiyo ofisi ya tawi inapeleka pendekezo lifuatalo kwenye mkutano wa Jumapili hii:

(a) Fedha iliyopo ni shilingi 265,000. Mawakala wote 24 walipwe sasa 10,000 kila mmoja, jumla 240,000. Inabaki 25,000. Analipwa mtu ambaye jina lake liko kwenye daftari la tawi. Mkono ulioshika kikaratasi haulipwi awamu hii.

(b) Awamu ya pili ni 240,000 nyingine. Mawakala 17 ambao hawakuuza watapata 10,000 kila mmoja. Kwa vile vikaratasi 7 vilivyouzwa, mnunuzi arudishiwe 8,000 yake kwa kila kimoja, na wakala apate 2,000 iliyobaki. Hakuna aliyedhulumiwa shilingi, na hakuna atakayevuna alikokesha mwenzake. Madison alishindwa kwa sababu nchi ni kubwa. Sisi majina yote 24 tunayo, na nyumba zao tunazijua.

(c) Fedha ya awamu ya pili itoke kwenye ada. Wanachama 118 hawajalipa ada yao ya 2,000. Hiyo ni shilingi 236,000. Ukiongeza ile 25,000, deni linakwisha na mfuko unabaki na 21,000. Kongresi ile ilikwama kwa sababu kila jimbo lilishangilia vita na hakuna lililotaka kutoa mchango wake. Tumepitia orodha: baadhi ya waliopiga makofi Jumapili wako ndani ya hao 118.

(d) Fulana na spika zisubiri. Ofisi haitasaini malipo ya sherehe wakati deni hili liko kwenye vitabu.

Wapo watakaosema tunaleta mgawanyiko na kwamba chama kwanza. Sawa, chama kwanza. Chama ni nani? Saa nane za usiku, mvua inanyesha na masanduku yanahesabiwa, chama kilikuwa ni wale 24. Uchaguzi mwingine unakuja. Tutawafuata watu walewale, milango ileile. Tutawaambia nini?

Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Tunaomba mfike Jumapili saa 9 alasiri, na mje na ada zenu. Mawakala mje pia, mkae mbele. Hamjaja kuomba.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Ofisi ya Tawi.

_Tafadhali mtumie mwanachama ambaye hayumo kwenye orodha hii._