BEI YA HABARI ISIPANGWE NA NJAA



Siku hizi iko kazi ambayo haina lango la kiwanda wala mnyapara wa shamba. Mtu huifanya kwa simu yake ya mkononi: hupiga picha ya bei ya unga dukani, huonyesha mahali barabara ilipobomoka, au huiacha simu ipime kelele za mtaa na mtikisiko wa gari. Habari hizo hukusanywa kwa watu wengi na kupelekwa kwa mnunuzi mmoja. Wapo wenzetu wa viwandani na wa mashamba ya chai na miwa wanaoifanya siku ya mapumziko ili kuongezea posho. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Swali ni hili: nani anapanga bei?

Mnunuzi husema fungu lake la fedha ni dogo. Hilo hatulibishi. Hata chama chetu hakiwezi kutumia zaidi ya michango ya wanachama. Lakini fungu dogo linaweza kugawanywa kwa haki au kwa ujanja.

Mwaka 2010 mtaalamu Yaron Singer alieleza kanuni za kununua kazi za watu wengi bila kupita fungu lililowekwa. Tuieleze mojawapo kwa hesabu ya kawaida. Mnunuzi ana Sh. 100,000 na anataka taarifa nyingi iwezekanavyo. Watu watano wanataja bei zao: 10,000, 15,000, 20,000, 25,000 na 40,000. Anawapanga kuanzia wa bei ya chini, na kumwongeza mtu mmoja mmoja maadamu bei ya mtu huyo haizidi fungu likigawanywa sawa kwa waliokwisha kuchaguliwa pamoja naye. Wanne wanaingia, kila mmoja analipwa Sh. 25,000. Hata aliyetaja 10,000 anapata 25,000. Hapo mtu hana sababu ya kudanganya juu ya gharama yake, na aliyesema kweli haadhibiwi kwa kusema kweli.

Kanuni hiyo ni bora kuliko ya mnunuzi anayemlipa kila mtu kile kidogo alichokitaja. Lakini haitoshi. Tuseme wanakuja vijana kumi wasio na kazi, kila mmoja anataja Sh. 8,000. Kwa kanuni ile ile wanachukuliwa hao kumi, wale watano wa kwanza wanaachwa, na malipo yanakuwa Sh. 10,000 kwa kila mtu. Fungu ni lile lile, mnunuzi amepata taarifa kumi badala ya nne, lakini malipo ya taarifa moja yameporomoka kutoka 25,000 hadi 10,000. Kijana akitoa nauli ya bodaboda, bando na chaji ya simu, atabakiwa na nini? Hesabu haikumwibia, njaa ndiyo iliyotaja bei kwa niaba yake.

Wachuma chai wanaujua wimbo huu. Anayelipwa kwa kilo huambiwa kwamba ujira uko mikononi mwake mwenyewe. Lakini bei ya kilo hakuipanga yeye, na mizani si yake. Kwenye simu ni vivyo hivyo: picha inaweza kukataliwa, nauli imekwisha kutumika, na hakuna karani wa kuulizwa sababu.

Wako watakaosema kuwa tukidai bei ya chini, fungu litawafikia watu wachache. Ni kweli, taarifa zitapungua. Lakini kubana bei nako kuna gharama. Mwaka huo huo wa 2010 wataalamu Juong-Sik Lee na Baik Hoh walionyesha kwamba wanaoshindwa mnadani mara kwa mara huacha kushiriki. Wakiisha kuondoka, wachache waliobaki hupandisha bei wapendavyo. Dawa waliyopendekeza ni kumpunguzia makali aliyeshindwa, ili apate nafasi ya kushinda safari ijayo. Maana yake, hata kwa hesabu ya mnunuzi, kumkamua mtu mpaka akimbie si akiba.

Wala tusidhani kuwa serikali zitatukumbuka zenyewe. Hapa Uganda kima cha chini cha Sh. 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984 kilipita miaka arobaini bila kubadilishwa. Ikiwa mwenye mkataba alisahauliwa hivyo, mwenye simu tu atakumbukwa na nani? Juni 2025 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulikubali kwamba kazi za namna hii zitungiwe mkataba wa kimataifa. Ni hatua njema, lakini mkataba hautekelezwi pasipo wafanyakazi kuusimamia.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, nauli, bando na chaji zirudishwe kando, kabla mashindano ya bei hayajaanza. Pili, iwepo bei ya chini ambayo mnada hauwezi kuivuka. Tatu, kazi ikikataliwa sababu itolewe na mtu aweze kukata rufaa. Nne, tuambiwe ni nani anayenunua habari, na simu isiendelee kufuata nyendo za mtu baada ya kazi kwisha.

Nanyi wanachama, msiwaone vijana wale kumi kuwa ni maadui. Waleteni chamani. Watu kumi waliokubaliana bei moja ya haki hawashushwi na mnada wowote.

Umoja ni nguvu.