Mafua ya Kaka na Kifua cha Mchanga



Mwezi wa Julai tulikwenda Mbumbuni, huko Makueni, kuwazuru jamaa zetu. Tulimkuta mtoto wa miezi mitatu akikohoa na kuhema kwa haraka. Bibi yake akatuambia, "Ni baridi ya vilima hii, sheikh." Papo hapo kaka yake, aliyetoka skuli na mafua, alikuwa akimbusu usoni. Tulisisitiza mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, na alhamdulillahi alipona.

Lakini je, baridi ndiyo iliyomwuguza? Vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na kimojawapo kikubwa huitwa RSV. Kwa kuwa dalili za virusi hivi hufanana, maabara ndiyo huvipambanua. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI walichukua kamasi za watoto waliolazwa wakazitia kingamwili zilizofungwa rangi ya kung'aa. Kila kingamwili humjua adui wake kama ufunguo ujuavyo kufuli lake: ikikikuta kirusi hukishika, na chini ya hadubini seli iliyoambukizwa hung'aa kijani. Isipokikuta, huoshwa ikatoka. Ufundi wa kuzalisha kwa wingi kingamwili za namna moja, kutokana na seli za panya, ulivumbuliwa na Köhler na Milstein mjini Cambridge mwaka 1975.

Baadaye, kati ya 2009 na 2010, watafiti hao hao walizifuata kaya 47 za Kilifi kwa miezi sita, wakipima pua za watu wa nyumba nzima kwa kipimo cha vinasaba kilicho kikali zaidi. Ikadhihirika kwamba RSV ilipoingia nyumbani na kumfikia mchanga, mara nyingi iliingia na ndugu zake wakubwa, hasa wale waendao skuli.

Basi wazazi wenzetu, tusimlaumu kijana. Mapenzi yake ni neema. Tumfundishe kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata mdogo wake, kufunika uso apigapo chafya kama alivyofanya Mtume wetu (S.A.W.), na kukaa mbali naye kidogo akiwa na mafua. Viuavijasumu vilivyobaki kabatini haviui virusi. Na mchanga akihema kwa kasi au akikataa ziwa, tusingoje kupambazuke, tumpeleke hospitali.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.